Kemia ya mwaka wa kwanza: niliiacha S4, sasa hesabu za moli zinanishinda

BintiKambini, Jinja

Habari zenu wakubwa zangu. Niko mwaka wa kwanza chuoni, nasomea kilimo. Nimezaliwa na kukulia kambini hapa Jinja, mzee wangu ni askari mstaafu, na Kiswahili ndicho tunachozungumza nyumbani. Naomba niulize kwa Kiswahili, maana darasani ni Kiingereza mwanzo mwisho na mhadhiri anakwenda mbio, kabla sijamaliza kunakili ubao umeshafutwa.

Kemia niliisoma mara ya mwisho S4 (mwaka wa nne wa sekondari), kwa vile ilikuwa ya lazima. A-level nikachukua Jiografia, Uchumi na Kilimo. Kumbe muhula wa kwanza huku kuna Kemia ya Jumla, na ukipata chini ya 50 unairudia mwakani pamoja na wadogo zako, tena kwa kulipia.

Muundo wa atomi nilifuata vizuri. Jedwali la elementi na bondi pia sikupata taabu, naweza kukuchorea elektroni za klorini bila kutazama daftari. Shida imeanza tulipoingia kwenye moli. Jaribio la kwanza limerudi na alama mbaya, na swali lililonimaliza ni hili:

*Sentimita za ujazo 25.0 za sodiamu kaboneti yenye 0.1 M zimemaliza sentimita za ujazo 20.0 za asidi ya haidrokloriki, kiashiria kikiwa methili oranji. Tafuta ukolezi wa asidi.*

Nilitumia fomula niliyokuwa nayo tangu O-level, M₁V₁ = M₂V₂, yaani ukolezi (M, moli kwa lita) mara ujazo, pande zote mbili. 0.1 mara 25 gawanya kwa 20, nikapata 0.125. Mhadhiri kaweka alama nyekundu ya kosa na kuandika 0.25 pembeni, basi, hakuna maelezo. Nimeirudia usiku kucha na kila mara inatoka 0.125.

Naomba kujua nimekosea wapi. Na zaidi ya hapo, naomba mniambie ukweli: mtu aliyeiacha kemia S4 anaweza kuivuka hii kozi, au nihame mapema niende kozi isiyo na sayansi? Mama anasema nisiwe na haraka, lakini ada inatoka kwenye pensheni ya baba na sitaki ipotee.

---

Kijana_Wandegeya

Dada yangu, usihame. Nenda kwa watu wa fotokopi, nunua mitihani ya miaka mitano iliyopita pamoja na majibu yake, kaa nayo wiki mbili za mwisho, kariri jinsi kila swali linavyojibiwa. Wahadhiri hawabadilishi sana. Mimi zilinivusha na sasa niko mwaka wa tatu. Halafu wewe ni mtu wa kilimo, moli hutazitumia popote ukishamaliza. Vuka tu, usonge mbele kwenye masomo yako yenyewe.

---

FundiMaabara, Busia

Binti, karibu. Mimi ni mama mtu mzima, fundi wa maabara ya kemia chuoni, kazi niliyoianza ujanani na sasa watoto wangu wenyewe wako vyuoni. Kila mwanzo wa mwaka ninawapokea wanafunzi wapya, ninawapangia bureti (mrija mrefu wenye koki) na pipeti (mrija wa kuchotea ujazo kamili), na ninaona daftari zao. Hiyo 0.125 yako naifahamu sana.

Tuanze na hesabu. Kabla ya fomula yoyote, andika kilichotokea ndani ya chupa:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Itazame hiyo 2 iliyo mbele ya HCl. Kila moli moja ya kaboneti inataka moli mbili za asidi ndipo iishe yote. Fomula yako haina mahali pa kuiweka hiyo mbili, ndiyo sababu jibu lako ni nusu kamili ya jibu la mhadhiri. M₁V₁ = M₂V₂ ni ya kuzimua: una asidi kali, unaongeza maji, ujazo unaongezeka lakini moli za asidi ni zile zile. Itatoa jibu sahihi pia pale vitu viwili vinapokutana moja kwa moja, kama HCl na NaOH. Na mazoezi mengi ya O-level yalikuwa ya HCl na NaOH, kwa hiyo mtoto anatoka S4 akiamini ni fomula ya titresheni zote, yaani kila mara unapopima mmumunyo mmoja kwa kuumaliza na mwingine.

Sasa fanya hivi, pole pole:

25.0 cm³ ni lita 0.0250.
Lita 0.0250 × moli 0.1 za kaboneti kwa lita = moli 0.00250 za kaboneti.
Moli 0.00250 za kaboneti × moli 2 za asidi kwa kila moli 1 ya kaboneti = moli 0.00500 za asidi.
Moli 0.00500 za asidi ÷ lita 0.0200 = moli 0.25 za asidi kwa lita.

Hapo hakuna fomula ya kukariri. Kuna namba, kizio chake, na jina la kitu chake. Ukiandika "moli 0.00250" ukaishia hapo, umejiachia mlango wazi, dakika mbili baadaye hutajua ni moli za asidi au za kaboneti, na utazigawanya kwa ujazo usio wake. Ukiandika "moli 0.00250 za kaboneti", kalamu yenyewe inakuuliza: na mimi natafuta asidi, nitavukaje? Unavuka kwa mlinganyo uliosawazishwa, kwa ile 2. Nakuomba ulishike hili hata kama mengine yote niliyoandika utayasahau. Kila mstari uwe na kizio, kila kizio kiwe na jina. Lita ikatane na lita, kaboneti ikatane na kaboneti, kinachobaki ndicho jibu. Kizio kikigoma kukatana, umekosea mahali, na umejua kabla ya mhadhiri kujua.

Kuhusu moli yenyewe, naona wengi wanaiogopa kama kitu cha mizimu. Ni idadi. Trei ya mayai ni mayai 30, yawe ya kuku wa kienyeji au ya kizungu. Hesabu ni ile ile, uzito ndio tofauti. Moli ni 6.02214076 × 10²³, na tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo imewekwa rasmi kuwa ndiyo maana ya moli, haipimwi tena. Moli ya kaboni ina gramu 12 hivi, ya risasi gramu 207. Hesabu ile ile ya atomi. Mizani ya maabara haiwezi kukuhesabia atomi, inakupa gramu, ndiyo maana unahitaji jedwali la elementi mkononi kila unapopima kitu.

Jambo moja la kalkuleta, kwa sababu nimeliona likiwanyima watu alama wanazostahili. Kwenye zile Casio zenye kitufe cha EXP, usiandike 6.02 × 10 halafu EXP 23. EXP tayari ina "mara kumi" ndani yake. Andika 6.02 EXP 23. Ukiongeza × 10 jibu lako linakuwa kubwa mara kumi, na utatafuta kosa kwenye kemia wakati kosa liko kwenye vidole.

Sasa maabara, maana najua na huko kuna alama nyingi. Bureti isuuzwe kwa asidi ile ile utakayoijaza, si kwa maji peke yake. Matone ya maji yaliyobaki ndani yanazimua asidi yako kabla hujaanza. Pipeti nayo isuuzwe kwa kaboneti. Lakini ile chupa ya koni ya chini isuuzwe kwa maji safi tu, kwa sababu ukiisuuza kwa kaboneti umeongeza moli ambazo hukuzipima. Ukishajaza bureti, fungua koki kidogo mpaka ile hewa iliyojificha chini ya koki itoke. Kisha ondoa faneli. Nasema hivi kila mwaka na kila mwaka nakuta faneli zimekaa juu ya bureti: tone moja likidondoka humo katikati ya kazi, usomaji wako umeharibika na hutajua kwa nini. Inama macho yawe sawa na uso wa kimiminika, soma chini ya ule mpinde, andika desimali mbili, 20.00 au 20.05, si 20. Pipeti ikimaliza kutiririka, gusisha ncha yake ukutani mwa chupa na uache. Tone linalobaki ndani limeshahesabiwa na waliotengeneza, usilipulize.

Methili oranji ni ya njano kwenye kaboneti. Ukikaribia, kila tone la asidi linapiga alama nyekundu inayopotea ukitikisa. Punguza mwendo hapo, tone kwa tone. Ikigeuka rangi ya chungwa na ikabaki, acha. Ikiwa nyekundu ya waridi umepita. Wanafunzi wengi wanapenda ile nyekundu kwa sababu inaonekana vizuri, na wote wanapata ujazo mkubwa kuliko unaotakiwa.

Kijana wa Wandegeya, nimekusoma na nakuheshimu, lakini kwa hili sikubaliani nawe, na ningependa binti anisikie. Mitihani iliyopita ni mizuri kwa kujipima. Kuikariri ni kitu kingine. Mhadhiri akibadilisha kaboneti akaweka asidi ya salfuriki na NaOH, ile 2 inahamia upande wa pili, na aliyekariri anaiacha pale pale alipoizoea. Nimesimamia mitihani ya vitendo ya kutosha kuona uso wa mtu aliyekutana na swali lisilo kwenye fotokopi zake.

Na hilo la kwamba kilimo hakina moli nitawaachia watu wa kilimo. Mimi nitasema la kwetu. Wilayani Busia watu wanachimba dhahabu kwa mikono. Wanachanganya zebaki na mchanga uliosagwa, zebaki inaishika dhahabu, wanakamua donge kwa kitambaa, kisha wanaliweka motoni. Zebaki inachemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi. Dhahabu haijayeyuka hata kidogo mpaka nyuzi 1064. Kwa hiyo zebaki inaondoka kama mvuke na dhahabu inabaki kwenye sahani. Mvuke ule hauonekani, na anayeuvuta ni yeyote aliye karibu, pamoja na mtoto aliye mgongoni. Kuna chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kuupoza mvuke ukarudi kuwa zebaki, na kimejengwa juu ya somo la kiwango cha mchemko ambalo wewe binti umeshalipita wiki za kwanza. Nimekwenda kwa wachimbaji na kuwaeleza kwa Kiswahili hiki hiki. Wanaelewa. Hakuna aliyewahi kuwaeleza kwa utulivu kwamba kinachopotea motoni kinaingia mapafuni. Usiniambie kemia ya mwaka wa kwanza ni ya kuvuka tu.

Swali lako la mwisho. Ndiyo, aliyeiacha S4 anaivuka. Wenye A-level wana nafuu kwenye majina na milinganyo, hilo ni kweli. Lakini wengi wanakuja na tabia ya kuruka mistari, wakiamini wanajua, na kwenye pH na usawa wa mmenyuko wanaanguka. Wewe huna cha kuruka, utaandika mistari yote. Kinachowaangusha watu wa aina yako huwa ni hesabu za S2: uwiano, asilimia, namba zenye vipeo vya kumi. Chukua kitabu cha hesabu cha S2, kaa nacho jioni kadhaa, bila aibu. Ukishaweza uwiano kwa kalamu, moli ni uwiano.

Usihame.

---

UganiElgon, Mbale

Mama Fundi amesema kwa watu wa kilimo anatuachia, basi nachukua nafasi hiyo. Mimi ni afisa ugani huku Elgon, wakulima wangu ni wa kahawa, kabichi, nyanya na viazi.

Dada, kachukue mfuko wa yurea. Umeandikwa 46-0-0, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa asilimia. Yurea ni CO(NH₂)₂: kaboni 12, oksijeni 16, naitrojeni mbili 28, hidrojeni nne 4, jumla 60. Gawanya 28 kwa 60, ni 46.7 katika mia. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Hiyo ni hesabu yako ya darasani imesimama dukani.

Sasa chukua mbolea ya DAP, 18-46-0. Hapa ndipo watu wenye vyeti wanawapoteza wakulima. Ile 46 si fosforasi. Kwa desturi ya biashara ya mbolea inahesabiwa kama P₂O₅. Fosforasi mbili ni 62, P₂O₅ nzima ni 142, kwa hiyo fosforasi halisi ni kama 44 katika kila 100 ya hiyo P₂O₅. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za P₂O₅, na humo fosforasi yenyewe ni kilo 10 tu. Ripoti ya udongo ikikuambia shamba linahitaji kilo 20 za fosforasi, aliyekariri ataleta mfuko mmoja usiofika, aliyeelewa ataleta miwili. Msimu ukishapita hakuna wa kumrudishia mkulima mahindi yake.

La tatu ni chokaa. Udongo wenye asidi unatulizwa kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, CaCO₃, yenye uzito wa moli 100. Ukiyachoma, hewa ya CO₂ inatoka, inabaki CaO, 56. Maana yake kilo 56 za chokaa iliyochomwa zinatuliza asidi sawa na kilo 100 za mawe yaliyosagwa, vyote vikiwa safi. Mkulima anamwona jirani kaweka magunia fulani na yeye anaweka magunia hayo hayo, huyu ana unga wa mawe, yule ana iliyochomwa. Mmoja amepitiliza karibu mara mbili. Na iliyochomwa inaunguza ngozi ikikutana na jasho, nimeona mikono ya watu.

Kwa hiyo kaka wa Wandegeya, samahani, moli nazitumia kila msimu wa kupanda. Sisemi neno "moli" mbele ya mkulima, nasema magunia. Lakini kabla sijasema magunia nimeshaandika moli kwenye karatasi.

---

Kijana_Wandegeya

Nimewasikia wote wawili. Hilo la P₂O₅ sikulijua, asante mzee. Bado nasema mitihani iliyopita isiachwe kabisa, kwa sababu inakuonyesha mhadhiri anapenda kuuliza nini na unajifunza kugawa muda. Lakini dada, fuata alivyosema mama kwanza, uifanye mwenyewe huku umefunika majibu, ndipo ulinganishe.

---

FundiMaabara, Busia

Hapo sasa tumekubaliana, kijana wangu. Kufunika majibu ndiko kunakoifanya iwe mazoezi.

Binti, niongeze jambo lingine nililolisahau, kwa sababu utakutana nalo. Mtakapochemsha maji kupima kipimajoto, usishangae kisifike 100. Jinja, Kampala, Busia, sote tuko juu ya bahari kwa mita elfu moja na mia kadhaa, hewa inatukandamiza kidogo kuliko watu wa Mombasa, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeandika 100 kwa sababu kitabu kinasema 100. Andika ulichokiona.

Jambo hilo hilo liko kwenye gesi. O-level mlifundishwa moli moja ya gesi kwenye joto la chumba ni lita 24. Hiyo ni kwa kanieneo ya usawa wa bahari. Hapa kwetu kanieneo ni kama kilopaskali 88, na kwa nyuzi 25 moli moja inachukua lita 28 hivi; weka namba kwenye PV = nRT (kanieneo mara ujazo ni moli mara R mara joto) ujionee, R ikiwa 8.314 na joto likiwa kelvini 298. Kwenye mtihani tumia kile swali linachokupa. Kwenye maabara, ukikusanya CO₂ ya kaboneti yako kwenye silinda na ukapata ujazo mkubwa kuliko hesabu ya lita 24, usifute namba zako.

---

BintiKambini, Jinja

Mama, kaka na mzee wa Mbale, nawashukuru sana. Nimesoma majibu yenu mara kwa mara, na baba naye nimemsomea hilo la zebaki, amenyamaza kisha akasema niendelee na kozi.

Nimejaribu swali ambalo mama amelitaja, la asidi ya salfuriki. Nimelitoa kwenye karatasi ya mwaka uliopita, majibu nimeyafunika. Sentimita za ujazo 25.0 za NaOH yenye 0.2 M, asidi ya salfuriki imetumika 20.0.

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O
Lita 0.0250 × moli 0.2 za NaOH kwa lita = moli 0.00500 za NaOH.
Moli 0.00500 za NaOH × moli 1 ya asidi kwa kila moli 2 za NaOH = moli 0.00250 za asidi.
Moli 0.00250 za asidi ÷ lita 0.0200 = moli 0.125 za asidi kwa lita.

Nilipofunua, ni 0.125. Kwa fomula ya zamani ingetoka 0.25. Nimeona sasa ile mbili ilivyohama.

Nina swali lingine. Wiki ijayo tunatengeneza wenyewe mmumunyo wa sodiamu kaboneti, sentimita za ujazo 250 zenye 0.1 M. Nilipiga hesabu kwa 106 nikapata gramu 2.65. Lakini nilichungulia rafu ya maabara, chupa iliyoko pale lebo yake ni Na₂CO₃·10H₂O. Hayo maji yanaingia kwenye hesabu au nayaacha?

---

FundiMaabara, Busia

Mistari yako ni safi, sina cha kusahihisha. Umefanya vizuri kuchungulia rafu kabla ya siku yenyewe.

Maji hayo yako ndani ya fuwele na mizani inayapima, kwa hiyo yanaingia. Yajumlishe kisha uniambie ni gramu ngapi.

---

BintiKambini, Jinja

106 na maji kumi, 10 × 18 = 180, jumla gramu 286 kwa moli.
Lita 0.250 × moli 0.1 za kaboneti kwa lita = moli 0.0250 za kaboneti.
Moli 0.0250 za kaboneti × gramu 286 za fuwele kwa kila moli ya kaboneti = gramu 7.15 za fuwele.

---

FundiMaabara, Busia

Sawasawa, 7.15. Mtu angepima 2.65 kutoka kwenye chupa ile, mmumunyo wake ungekuwa kama 0.037 M, na titresheni yote ya siku hiyo ingekwenda nao.

Sasa kabla hujapima, fungua kifuniko utazame. Fuwele za soda yenye maji kumi ni angavu kama vipande vya kioo. Chupa ikikaa bila kufungwa vizuri, maji yanaondoka hewani yenyewe na juu kunakuwa na unga mweupe. Ukiuona unga huo, hesabu ya 286 haifai tena, kwa sababu hujui ni maji mangapi yamebaki. Mwombe fundi wenu ile isiyo na maji, iliyokaushwa kwenye oveni na kupoozwa ndani ya desiketa (chombo kinachofungwa kisiingize unyevu), urudi kwenye 2.65 yako. Ni haki yako kuiomba. Mimi ningefurahi mwanafunzi akiniomba.

Iyeyushe kwanza kwenye bika kwa maji kidogo, usiimwage moja kwa moja kwenye flaski ya ujazo. Hamisha, suuza bika, maji ya kusuuzia nayo yaingie humo humo. Karibu na mstari wa shingo tumia kitone cha kudondoshea maji, tone kwa tone. Ukifika, funga na uipindue juu chini mara nyingi, halafu bandika lebo: jina, ukolezi, tarehe.